Zamu, Thimlich Ohinga

Ogweno hana saruji. Amekatazwa.
Jiwe kwa jiwe, alisema mama wa Makumbusho,
kama walivyolaza wenyewe.
Basi anachuchumaa, analigeuza,
anasikiliza linavyokaa.
Likicheza, silo.

Mbuzi wa Nyar Kadem walibomoa hatua tatu juzi.
Mengine kayachukua jirani, kajengea choo.
Ogweno alikwenda kuyadai, akapewa uji,
akarudi na mawili.

Mlango ni mfupi:
hata afisa wa Nairobi huingia ameinama.

Jioni, pengo limezibika,
ila jiwe moja limebaki mkononi,
dogo, halina pake.
Analitia kwenye bao lililochongwa mwambani,
shimo la mwisho,
kisha anangoja kidogo,
kana kwamba zamu ni yao.