Askari wa Dorsila

Mikono yangu huamka baada yangu.
Saa kumi na mbili mimi macho,
vidole bado vimelala, vigumu kama kuni mbichi;
Risper hunifunga vifungo vya blauzi
bila kunitazama.

Usoni nina kipepeo.
Alitua mwezi wa pili, bawa shavu hili, bawa shavu lile,
hajaruka tena.
Pale Dunga wakasema: chira.
Wakasema mume wa Dorsila alikuwa na mengi.

Daktari wa mjini alitoa damu chupa tano,
akanichorea nyuma ya risiti:
hawa askari wako.
Hawajalala kazini, mama. Hawajahongwa.
Wamesahau tu sura ya mwenye nyumba,
wanamkamata kila atokaye jikoni.

Nikacheka. Kikulacho.
Niwafukuze?
La. Ukiwafukuza, kikohozi cha mtoto kitakuzika.
Tutawatuliza.

Basi natuliza. Kidonge, binamu wa kile cha malaria,
kila usiku baada ya ugali.
Kulala mapema. Kutobeba debe la mwenzangu.
Kliniki kila miezi mitatu, hata nikijisikia mzima,
hasa nikijisikia mzima.

Lililobaki ni jua.
Miaka kumi na tisa nimeanika omena;
jua ndilo lililomsomesha Risper.
Sasa natandaza alfajiri, kofia pana, mikono mirefu,
kisha naingia kivulini, namwachia yeye mchana,
naziangalia ziking'aa kwa mbali
kama deni.

Na jioni nawaambia walio ndani:
ni mimi. Dorsila.
Nimetoka jikoni tu.