Laini

Nilizaliwa laini. Ndivyo tulivyosema Nakuru,
wala si juu ya reli: nyuma yake,
chumba cha nane kutoka bombani.

Mama Rasoa alianika mashuka kwenye laini.
Upepo wa Menengai ukiyapaka vumbi
aliyafua upya, akiutukana mlima
kwa Kimaragoli.

Mwalimu Kimosop akasema: neno la Kiingereza hilo,
asili yake uzi wa kitani.
Nikanyoosha mkono:
na shavu la mtoto, mbona ni laini?
Akacheka hadi chaki ikamdondoka.
Hilo ni jingine. Lilitoka kwa Waarabu,
likapanda bara kwa miguu;
lile la reli likaja limeketi.
Yamekutana hapa, yanafanana
kama mapacha wasio na mama mmoja.

Leo nimepanga laini saa mbili
niulize laini ya Mama.
Kijana wa dukani anabonyeza, anabonyeza tena.
“Hii ilishafungwa.”
Nyuma yangu mtu anaguna, laini isonge.

Mfukoni nina kipande cha kamba yake.
Kitani wapi! Nailoni ya buluu,
miaka thelathini ya mashuka mabichi.
Nakipapasa: laini,
ila pale penye fundo.