Macho ya Kitambulisho

Jumatatu nilitoka,
kitambulisho kutaka,
jua bado kuchomoka,
nikasimama foleni.

Karani, jina Shekuwe,
akasema, "Dada, wewe,
kaa wima, usilewe,
utazame kiooni."

Nami nimeyafumbua!
Akangoja, akajua,
picha akaichukua
huku acheka moyoni.

Kope juu zimevimba,
chini shimo la kuchimba,
wekundu kama wa kamba
aliyepikwa chunguni.

Umri wangu si hoja,
thelathini na mmoja;
picha yasema nangoja
wajukuu ukumbini.

Mimi hushona kofia,
tundu nazizungushia,
uzi wa pamba natia
hapa kwetu Mkomani.

Mchana nina wanangu,
na mama mkwe, na vyungu;
usiku ndio wa kwangu,
wote wakiwa ndotoni.

Kofia moja, miezi
mitatu kuvuta uzi,
na karo ya wanafunzi
yabisha hodi nyumbani.

Saa sita, saa saba,
namaliza safu haba,
kahawa chungu nashiba
na ng'onda toka jikoni.

Nikiwashwa, nasugua,
kope mbili nang'ofua,
na sabuni ya kufua
imebaki vidoleni.

Kisha, nikilala chali,
simu siiweki mbali:
mapishi ya kila hali
na arusi za mjini.

Nikigeuza kisogo
nilale japo kidogo,
punda wa watu kwa zogo
hulia kichochoroni.

Mwanajaa, mpambaji,
aja na chupa ya maji.
Ati sina uhitaji
wa dawa za madukani.

Tango akanibandika,
chai baridi kaweka,
kisha wanja akapaka
hadi pembe za jichoni.

Nikapendeza. Naapa.
Kioo kikanilipa.
Usiku nikala papa;
kukicha, macho ya jini.

Akaja Bwana Famau,
mpole, hana dharau,
kahawa akasahau,
kofia i mkononi.

"Binti Lali," kanambia,
"hebu hapa angalia:
ua hili lasinzia,
wenzake wima safuni."

Nikatazama: ni kweli.
Uzi umekwenda mbali,
tundu zimekuwa mbili
palipo moja zamani.

Macho yangu na kofia
vyote vyanishitakia
usingizi kuibia;
mwizi yumo mwangu ndani.

Mama mkwe, wa maneno,
akacheka pasi meno:
"Jifunze kulala pono,
usiwe popo mtini."

Nililifumua ua.
Simu nikaichukua,
kabatini ikatua
chini ya leso za ndani.

Kazi nikaihamisha,
watoto nikiwalisha,
mwanga wa jua watosha
unapopita uani.

Ng'onda nikampa paka,
akala, akaridhika;
kahawa nikaiweka
iwe ya asubuhini.

Siku ya kwanza, taabu:
boriti nikahesabu
mara tatu, taratibu,
mikoko ile darini.

Ya tano, nikazimika.
Punda alia, achoka,
mimi sikutikisika
hadi mkono begani.

Wiki ya pili, kioo
kikaniambia, "Loo!"
Lile shimo kama ndoo
likafukika machoni.

Weusi haukuisha:
huo mama karithisha,
nao wanangu navisha
kama mkufu shingoni.

Mwezi wa pili kupita,
Shekuwe akaniita.
Kadi ikametameta,
nikaibeba benkini

nitoe pesa za uzi.
Kijana mwenye ujuzi
atazama waziwazi
kadi, nami, dirishani.

"Dada, wewe sio yeye.
Kama ni mamayo ndiye,
kesho uje pamwe naye,
nimwone hapa mezani."

Nikacheka, nikacheka,
chozi likanidondoka,
foleni ikashituka,
mlinzi kaja mbioni.

Nikamwambia, "Kijana,
huyo ni mimi, kwa jina;
nikeshe usiku, bwana,
nifanane na pichani."