Mwalimu Tu

Pale benki, Mbagala Rangi Tatu,
karani aliniuliza kazi.
"Mwalimu tu," nikajibu.

Hilo "tu" likanifuata hadi darasa la tatu B,
watoto mia arobaini na mmoja,
nusu wakiandika wamepiga magoti.

Wanasema ualimu ni wito.
Mama Shangwe hapokei wito;
anapokea kodi, miezi sita kwa mkupuo.

Jumamosi, kikao cha tawi, Mwalimu Nsajigwa
akainua hati yake ya mshahara:
"Chama kimekata asilimia mbili, miaka kumi na tisa.
Nimepata fulana."
Tukacheka. Kisha kila mmoja akaitazama fulana yake.
Hakuna aliyetoka.
Tukamwomba katibu daftari la mapato.

Leo, fomu nyingine. Kazi: Mwalimu.
Nikaweka nukta,
kalamu ikatoboa karatasi.