Milimita Arobaini

Helve amelaza magurudumu mawili mezani,
karibu na kahawa yake iliyopoa.
La kwanza jembamba, tairi kipara,
milimita ishirini na nane, jepesi
kama ahadi ya mtu asiyekusudia kuitimiza.
La pili arobaini. Katikati laini,
pembeni meno mafupi, ya mtoto.

Hakuuliza nina yuro ngapi.
Aliuliza: unakwenda wapi?

Kwa shangazi Salme, kila Jumamosi.
Kilomita kumi na tisa za lami kutoka Võru,
malori ya magogo yakikupita
na kukuachia harufu ya msonobari.
Kisha kushoto, penye kibanda cha maziwa: changarawe.
Kisha msitu, na mizizi iliyokatiza njia bila hodi.
Kisha mbao mbili juu ya kinamasi.
Kisha mchanga.
Mchanga, Helve. Mita mia nne
nilizozivuka mwaka jana baiskeli ikiwa begani,
nimembeba aliyepaswa kunibeba,
nikafika mawe ya sauna yamepoa.

Kaka yangu Taavet anacheka mlangoni.
Lami ndiyo safari, anasema, piga hesabu.
Na hilo nene limekuzidishia gramu mia tatu!

Hesabu nimepiga.
Ila miguu haihesabu kilomita,
inakumbuka pale ilipokwama.
Mshika mbili moja humponyoka, najua,
na bado nazishika zote mbili.

Helve anapitisha kidole kati ya tairi na fremu.
Kinapita. Hata chenye tope kitapita.
Anagonga spoku moja moja, thelathini na mbili;
ya kumi na tisa inaitika kilevi,
anaikaza robo mzunguko, anagonga tena.
Upepo usijaze mpaka liwe jiwe, anasema.
Bonyeza. Likikataa kidole chako, litakataa na njia.

Jumamosi.
Kwenye lami Taavet ananiacha.
Mgongo wake mwekundu unakuwa kifungo,
unakuwa nukta, unakuwa kona.
Tairi zangu zinavuma
kama nyuki ndani ya kopo,
na kwa kilomita kumi na tisa, nakiri,
nazijutia gramu zote mia tatu.

Kibanda cha maziwa. Changarawe. Mizizi.
Mbao zinalia chini yangu, ta-ta, ta-ta.

Yuko mchangani, kiatu mkononi, anakung'uta.
Gurudumu lake la mbele limezama hadi rimu.
Sikumpita kwa mbio, msinisifu:
nilisuasua, mguu mmoja uligusa chini mara mbili,
ulimi nje.
Lakini nilipita nimekaa.

Shangazi hakutazama tairi.
Alichota maji kwa kata ya mbao,
akanisogezea ubao wa kukalia.
Leo, alisema,
mawe bado yana moto.