Pembezoni mwa Kadi

Uzito: kilo hamsini na nane.
Presha: mia na kumi kwa sabini.
Kimo cha mimba: wiki ishirini na tisa.
Wekundu wa damu, wa kutosha. Mkojo, safi.
Kadi yangu haina doa.
Ukiisoma utadhani nalala.

Silali.
Upepo wa Hombolo unajua,
ule unaotoka upande wa bwawa
ukaliinua bati la jiko, ukalipiga, ukaliacha,
ukalirudia kama mdai asiyetaka kuondoka.
Mazoya anakoroma. Nahesabu misumari ya paa
niliyoihesabu jana: arobaini na moja,
na tundu ulipong'oka mmoja,
linaingiza nyota.
Hapo ndipo moyo unapoanza kukimbia
na hakuna kinachonifukuza.

Mchana ni mwingine. Mchana sina mbio.
Nakaa mbele ya mlenda mpaka unapoa,
ugali unaota ngozi,
na mkono hauendi.
Mtu asije akasema huzuni.
Huzuni ina jina la mtu, ina kaburi, ina tarehe.
Hii ni ndoo iliyosahauliwa chini ya bomba lililokauka:
iko wazi, imeelekea juu, basi.

Nimeambiwa, mimba ya kwanza ndivyo ilivyo.
Nimeambiwa, tafuna udongo, utatulia.
Wifi yangu Mirika kaniambia kwa sauti ya chini:
wenzako wanalitafuta tumbo hilo kwa machozi.
Najua.
Ndiyo maana sikusema.
Shukrani ilinikwama kooni kama tonge kavu.

Siku ya kupogoa mizabibu nilipeleka maji shambani.
Kila tawi lililokatwa lilikuwa linatona,
tone, kimya, tone, mche hadi mche, safu nzima,
na Mazoya akasema bila kugeuka:
"Inalia. Usipoona inalia, ujue imekufa."
Akaendelea kukata.
Nilisimama na ndoo kichwani mpaka shingo ikafa ganzi.
Hakujua ameniambia nini.

Sista Foibe alimaliza kupima.
Akaliondoa tumboni tarumbeta lake la mti,
akaandika: mapigo ya mtoto, mia arobaini na nne.
Akafunika kalamu. Nikaanza kushuka kitandani.
"Na usiku, Damari, wewe unafanyaje?"

Wewe. Si mtoto.
Nikafungua mdomo niseme salama,
neno nililolizoea kuliko jina langu,
likagoma.
Nikasema: misumari.
Nikasema: arobaini na moja.
Wa kwenye benchi walisikia. Na wasikie.

Hakunipa aya, hakunipa pole ya haraka.
Alivuta kigoda akakaa, foleni ikiwa mlangoni.
"Huu ni ugonjwa, una jina na una tiba,
wala hukuuita.
Ijumaa anakuja daktari wa mambo haya, uje.
Na leo ukiamka, mwamshe mwenzio.
Kwa nini alale kwa niaba yenu wawili?"
Nikacheka. Kicheko kilitoka na vumbi,
kama nguo ya sandukuni.

Usije ukasema nimepona.
Jana bati lilirudi na deni lake,
moyo ukakimbia mpaka bwawani.
Nikamgusa Mazoya begani.
Aliketi gizani, hajui pa kuweka mikono,
mtu anayejua lugha ya miche tu,
kisha akauliza: "Tuanzie upande upi?"
Tukaanzia mlangoni.
Alikosea kwenye kumi na tisa, akarudia.
Kwenye ishirini na mbili mtoto akapiga teke.
Sikumbuki thelathini.

Leo nimechukua penseli.
Pembezoni mwa kadi, chini ya mapigo ya mtoto,
pasipo na mstari wala kisanduku,
nimeandika: Mama. Kuamkia Jumatano.
Kalala masaa mawili, mfululizo.

Kesho nitaandika tena,
hata ikiwa sifuri.