Mita Nne na Robo

Mipira ilikuwa ya kazini kwa mama,
ile myembamba ya rangirangi
anayofungia nywele za wateja pale Majengo
kabla hajaanza kusuka.
Jioni nafagia saluni. Iliyokatika natupa,
mizima naichambua nywele zilizonasa,
naitia kwenye kopo la Blue Band.

Mwalimu Kiwelu alitoa masharti:
gari lisizidi kilo moja, lisisukumwe na mtu,
nguvu yote itoke kwenye mpira.
"Nishati haipotei," akasema, "inahama tu,
kama familia inayodaiwa kodi."
Darasa likacheka.
Mimi nikatafuta kalamu chini ya dawati.
Mwaka ule tulikuwa tumeshahama mara mbili.

Mbao tulizing'oa kwenye tenga la nyanya, Kiboriloni.
Ekseli ni spoki za baiskeli;
Ndeshukurwa alizipitisha ndani ya mirija
ya kalamu zilizokwisha wino.
Magurudumu ndiyo yalitushinda.
Vifuniko vya chupa, vidogo. Vya ndoo, vizito.

Ndipo mama akainua godoro,
akatoa bahasha ya kaki, na ndani sidii nne.
Sendoff. Kanisani. Ukumbini.
Ya nne haikuandikwa kitu.
Niliwahi kuzitazama nikiwa darasa la pili:
baba na suti ya kuazima,
anamlisha mama keki, anakosea mdomo.
"Mama, hizi si..."
"Chukueni," akasema. "Walau ziende mahali."

Jaribio la kwanza, kwenye korido,
magurudumu yalizunguka kwa hasira
na gari likabaki palepale.
"Nguvu tunayo," Ndeshukurwa akasema,
"mshiko hatuna."
Tukakata tyubu kuukuu, pete mbilimbili,
tukazivisha sidii za nyuma kama viatu.

Siku ya mashindano mlima ulikuwa wazi, mweupe mpaka mabegani,
na hakuna aliyeutazama.
Sote tulikuwa tumeinamia sakafu
iliyosuguliwa nta nyekundu.
Wavulana wa bweni kutoka Kibosho
walipeleka lao mita kumi na tisa,
likinyooka kama wamelichorea mstari.

Zamu yetu. Nikahesabu mizunguko.
Thelathini na saba. Thelathini na nane.
Mtoto wa msusi anajua:
mpira ukitaka kukatika, hupauka kwanza.
Ulipopauka nikaacha kuhesabu, nikaachia.

Likaenda!
Mita mbili limenyooka, halafu likaanza kukunja kushoto,
sidii zikirusha upinde wa mvua darini,
likapita chini ya meza ya waamuzi,
katikati ya viatu vya watu wazima,
likagusa mguu wa kiti, likageuka,
likaanza kurudi kwetu polepole
kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.
Hapo likasimama.

Mwamuzi akakunjua futi kamba.
"Tunapima mstari ulionyooka,
kutoka lilipoanzia mpaka liliposimama."
"Na njia yote lililopita?" Ndeshukurwa akauliza,
sauti imeshaanza kupasuka.
"Njia haipimwi, binti."
Mita nne na robo. Wa kumi na moja kati ya kumi na wanne.

Mama alikuwa na kichwa mikononi,
kitana kimebanwa kwa meno.
"Lilienda?"
"Lilienda."
"Likafika wapi?"
Nikamweleza: meza, viatu, kiti, kugeuka.
Alicheka mpaka kitana kikaanguka,
na mteja naye akacheka bila kujua cha kucheka.
Kisha akaninyooshea kiganja.
"Haya, nirudishie mipira yangu."

Nikaifungua kwenye ekseli, mmoja mmoja.
Ilikuwa imelegea kidogo.
Akauzungusha wa kwanza mara tatu badala ya mbili,
ukashika.